Oti za kuoka na matunda: juu zimeungua, katikati uji, nilikosea wapi?

Swali: "Shikamoo dada. Nimechoka na chapati na maandazi kila asubuhi nikaamua kujaribu oti za kuoka na matunda. Nilitumia oti za kopo zile za kupikwa haraka vikombe 2, maziwa vikombe 3, mayai 2, embe dodo moja kubwa na nanasi nusu. Nilichanganya vyote usiku nikaweka kwenye friji ili asubuhi nioke tu. Nimeoka saa nzima, juu zimeungua, katikati ni uji, halafu zina uchungu fulani siuelewi. Watoto wamekataa. Oveni yangu ni ya jiko la gesi, namba za joto zilishafutika. Nyumbani tupo mimi, mume, watoto watatu (wa mwisho ana miezi 10) na mama mkwe ambaye ana sukari. Naomba unielekeze."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, maana najua inavyouma kuamka saa kumi na moja alfajiri unaoka kitu halafu watoto wanakiangalia kama dawa ya minyoo. Nimesoma swali lako mara mbili na nikacheka kidogo, usinichukie, makosa yako yote manne nshayafanya mie mwenyewe, tena mengine nikiwa nalipwa mshahara kwenye jiko la hoteli.

Nianze na ule uchungu. Ni nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromeleni, kazi yake ni kuvunjavunja protini, na ni ndugu wa kile kilichopo kwenye papai bichi ambacho sie wote tunakijua bila kukijua jina, ndio maana nyama ya mishkaki tunaipaka papai ilainike. Sasa wewe umelitia nanasi kwenye maziwa na mayai ukaenda kulala, lenyewe halikulala, limekaa humo ndani linatafuna protini za maziwa usiku kucha, na protini ya maziwa ikishavunjwa hivyo inakuwa chungu, huo ndio uchungu wako, na hata ungetia kilo ya sukari usingeufukuza. Na yai nalo, ambalo ndio gundi yenyewe ya hicho chakula, linapunguzwa nguvu. Friji inachelewesha tu mambo, haiyazuii.

Dawa yake nyepesi mno. Kata nanasi vipande vidogo vidogo saizi ya punje ya hindi la kuchemsha hivi, tia kwenye kikaango bila mafuta na kipande cha mdalasini, acha lichemke lenyewe kwa juisi yake dakika kama 10 mpaka ile juisi ikauke na vipande vianze kunata. Moto unakiua kile kimeng'enya na hapohapo umeshapunguza maji. Likipoa tumia unavyotaka, hata ukililaza kwenye maziwa halitakufanya kitu. Nanasi la kopo limeshapikwa huko kiwandani kwa hiyo halina hiyo tabia, ila limejaa sukari na mama yupo hapo.

Haya, tuje kwenye uji wa katikati, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri maana ukilielewa hili moja mengine yote utayajua mwenyewe bila kuniuliza: juisi ya tunda ni sehemu ya maziwa yako. Lazima uihesabu. Embe ni maji zaidi ya asilimia 80, nanasi kama 86, papai linakaribia 88. Embe dodo kubwa likishamenywa linaweza kukupa gramu 300 na zaidi za nyama, nanasi nusu nalo gramu 400 hivi, piga hesabu, hapo peke yake umeingiza zaidi ya nusu lita ya maji kwenye bakuli, sawa hayatoki yote lakini mengi yanatoka yakipata moto. Ongeza vikombe vyako 3 vya maziwa. Uji wa kawaida wa oti tunaweka kikombe 1 cha oti kwa vikombe 2 vya maji, si ndio? Wewe umezidisha kuliko huo uji. Yaani umekoroga uji mwepesi ukauingiza kwenye oveni ukausubiri ugeuke mkate, na uji hata ukiuoka mpaka kesho ni uji.

Sio kosa lako sana. Hiki chakula ni cha Wamarekani, wenyewe wanakihusisha na Waamishi wa kule Pennsylvania, wale watu wa mashamba wasiopenda mambo ya kisasa, na mapishi mengi unayoyakuta mtandaoni yameandikwa kwa matofaa na bluberi. Tofaa nalo lina maji mengi, lakini linayashikilia, ukilioka linabaki kipande. Bluberi ina ngozi yake, inapasuka kidogokidogo. Sasa wewe unachukua kipimo cha mtu wa matofaa unakipeleka kwa embe dodo la mwezi wa kumi na mbili linalochuruzika mpaka kiwiko. Lazima mpishane.

Halafu kuna hiki kikombe. Kikombe chao cha kupimia ni mililita 240 hivi. Kikombe cha chai nyumbani kwako sijui ni kipi, mie nina vingine vinaingia 350. Oti na maziwa ukipima kwa kikombe kimoja hakuna shida, uwiano unabaki uleule, shida ni kwamba mayai yanabaki yale mawili na bakuli linabaki lilelile, kwa hiyo mchanganyiko ni mwingi, gundi kidogo, na kina ni kirefu, moto haufiki katikati. Tafuta kikombe cha kupimia cha plastiki, vipo kila duka la vyombo, au chukua chupa ya maji ya nusu lita uigawe kwa macho, nusu yake ndio kikombe kimoja.

Oti zenyewe. Wengi wanaziita shayiri na kamusi zinawaunga mkono, lakini shayiri ni nafaka nyingine, ile inayotengenezwa bia, kwa hiyo ukienda dukani ukasema shayiri unaweza kupewa kitu kingine kabisa. Mie nasema oti tu. Kuna zile za bapa nzima, ukiitazama punje unaiona kabisa ilikuwa punje ikapondwa kwa mvuke, na kuna hizi za kupikwa haraka ambazo zimekatwakatwa kwanza ndio zikapondwa, ndizo zimejaa kwenye makopo yetu. Hizi za haraka zinalainika mapema mno, ukizilaza usiku kucha kwenye maziwa asubuhi umepata gundi ya kubandikia matangazo. Hutakiwi kuzitupa, tumia tu, ila usizilaze, changanya asubuhi, zikae dakika 10 wakati oveni inapata moto, basi. Kama unataka ile starehe ya kuandaa usiku nunua za bapa nzima. Na zile za pakiti ndogondogo zenye sukari na ladha humohumo ziache dukani, hazifai kwa hii kazi na wala hazifai kwa mama.

Na mume akianza kukuambia hicho ni chakula cha farasi, mwambie ni kweli, farasi wanakula, na Waskoti nao wamekula karne na karne na wapo.

Sasa nikupe vipimo vyangu. Hivi ni vya bakuli la mraba la sentimita 20 kwa 20, linatosha watu sita wasio na fujo. Chukua oti vikombe 2, tia beking pauda kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai (usiache chumvi, oti bila chumvi zina ladha ya boksi), mdalasini wa unga kijiko cha chai na iliki ya kutwanga mwenyewe, kama punje 5 hivi. Iliki ile ya kopo iliyokaa miezi haina harufu tena, bora usiweke. Kwenye bakuli lingine piga mayai 2, tia maziwa kikombe 1 na nusu, siagi iliyoyeyushwa au mafuta vijiko 3 vya chakula, na sukari vijiko 3 vya chakula. Maziwa ya ng'ombe ya kuchemsha yapoe kwanza jamani, kuna mtu alimimina ya moto kwenye mayai akanipigia simu kwamba oti zake zina mabonge meupe, nikamwambia hayo ni mayai ya kukoroga hongera. Ponda ndizi moja iliyoiva sana, ile yenye madoa meusi ambayo mume anakwambia itupe, itie humo. Changanya mabakuli mawili. Matunda mengine kikombe 1 na nusu, yasizidi, na yakatwe madogo. Mchanganyiko ukishakuwa tayari utaonekana mwepesi kuliko unavyotarajia lakini ukipitisha kijiko oti zinasimama, haziogelei. Zikiogelea ongeza oti kijiko kimojakimoja. Hapo umalize kupima kwa macho, hakuna kipimo cha karatasi kinachomjua embe wako.

Ndizi naipenda kuwa msingi kwa sababu inafanya kazi tatu, inaleta utamu, inashika, na haimwagi maji. Na katika ndizi mie nachukua kisukari, zile fupi nono, mbili zinakaa pahali pa ndizi moja ndefu. Ukipata mtwike sawa. Mzuzu hapana, hiyo waachie wa kukaanga.

Embe nitakwambia ukweli, embe linaoka vizuri kama halijaiva sana. Chukua lililoanza tu kuiva, lile ukilibonyeza linakubali kidogo, kata vipande, panga juu usichanganye ndani, ile juisi itapanda hewani badala ya kushuka chini. Au oka oti na ndizi tu kisha embe bichi... yaani bivu ila halijapikwa, liweke juu mezani. Watoto wangu wanapenda hivyo na kusema ukweli mie pia, embe dodo la msimu kuliingiza kwenye oveni ni dhambi kidogo. Papai silioki, likipata moto lina harufu siielewi, na lina ile tabia ya nanasi. Tikiti usithubutu. Pasheni kamulia juu baada ya kuiva, na asali kidogo kwa wakubwa. Mapea ya Lushoto yakiwepo sokoni nunua yale magumu, ni mazuri kushinda tofaa la kutoka nje na bei ina huruma. Zabibu kavu loweka maji ya moto dakika 10 kwanza, ukizitia kavu zinaiba maziwa na zile zilizobaki juu zinaungua zinakuwa chungu kama makaa. Tende nazo hivyohivyo, toa kokwa, katakata, loweka, na ukitia tende 8 sukari futa kabisa, hii ndio ya kwangu ya mwezi wa Ramadhani, kwa daku, naoka jioni wanakula usiku na wanashiba kweli.

Ukichoka maziwa tumia tui la nazi. Kikombe 1 na nusu cha tui la wastani, yaani changanya tui zito na jepesi, ukitia zito tupu linatoa mafuta pembeni. Tui, ndizi kisukari, iliki, korosho za kukata juu. Hiyo nikioka jirani anagonga mlango.

Tuje kwenye oveni ambayo nadhani ndio inakuogopesha kuliko vyote. Oveni ya gesi moto wake unatoka chini, lakini hewa ya moto inapanda, kwa hiyo rafu ya juu ndio kali, na chini kabisa karibu na moto nako kunaunguza kitako. Nina hakika bakuli lako lilikuwa rafu ya juu. Weka katikati. Joto unalolitaka ni kama 180, na kwa kuwa namba zimefutika fanya hivi: washa oveni iache dakika 15 na mlango umefungwa, nyunyiza unga wa ngano kijiko kimoja kwenye sinia dogo kavu utie ndani dakika 5. Ukitoka mweupe au umebadilika kidogo tu, moto ni mdogo. Ukiwa rangi ya dhahabu, hapohapo ndio penyewe. Ukiwa kahawia iliyokoza, punguza. Ukishapapata pale pazuri, weka alama kwenye kitasa kwa rangi ya kucha, mie jiko langu lina alama mbili, nyekundu ya keki na ya pinki ya nyama. Bibi zetu walikuwa wanaingiza mkono tu wakajua, ila mkono wangu mie hauna hicho kipaji.

Dakika 20 za mwanzo funika na foili. Kisha funua, acha dakika 15 mpaka 20 nyingine upate rangi. Utajua zimeiva ukitikisa bakuli katikati pasitikisike kama maji, patetemeke kidogo tu kwa pamoja, na kisu ukichoma katikati kitoke na unyevu lakini bila maziwa. Pembeni patakuwa pameanza kuachana na bakuli. Kisha, tafadhali, zima na utoe, uache mezani dakika 10 kabla ya kukata. Oti zina ufumwele fulani unaoitwa betaglukani ambao ndio unaofanya uji wa oti uteleze na kuwa mzito, na zikianza kupoa ndio unakaza vizuri, kwa hiyo kile kinachoonekana hakijashika dakika ya kwanza, dakika ya kumi kimeshashika. Nusu ya watu wanaolalamika kuhusu katikati wamekata mapema. Wewe sio, wewe ulikuwa na uji.

Siku oveni ikigoma au gesi ikiisha, kumbuka mkate wa kumimina. Mama zetu wa Unguja na Mombasa wanaoka mkate wa kumimina kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na oti hizi zinakubali vilevile kabisa. Chukua sufuria nzito, pakaza siagi, mimina, funika na mfuniko wa bati bapa, chini makaa machache sana, juu ndio mengi, maana ukikoleza chini inaungua kabla ya juu kujua kuna kinachoendelea. Dakika 30 hivi uchungulie. Zinatoka na harufu ya moshi kidogo ambayo oveni haiwezi kukupa. Nimeshawapa wageni hivyo wakaniuliza nimetia nini.

Kuandaa usiku inawezekana kabisa, usikate tamaa. Za bapa nzima zikae kwenye friji na maziwa, mayai, viungo na chumvi, na bakuli lifunikwe. Beking pauda na matunda vinaingia asubuhi. Usiache juu ya meza usiku kucha kwa hili joto letu la Dar, maziwa na mayai hayana urafiki na joto, na umeme ukikatika saa nyingi usiku asubuhi mwaga, usijipe moyo eti kwa kuwa hakuna harufu. Na kitu kimoja ambacho kilinigharimu: bakuli la kioo likitoka kwenye friji usiliingize moja kwa moja kwenye oveni ya moto. Langu lilipasuka asubuhi ya Idi, na wageni sebuleni, oti zote chini ya oveni zinaungua na vioo, nyumba nzima moshi, tukanywa chai na mkate wa duka. Tangu siku hiyo nalaza kwenye bakuli la plastiki nahamishia la kuokea asubuhi, au natumia trei la bati. Mchanganyiko wa baridi unaongeza dakika 10 hivi kwenye kuoka, ujue.

Mama mkwe. Hapa niseme kama mpishi, sio kama daktari. Oti ni nzuri kwake kuliko maandazi, ule ufumwele niliousema unapunguza mwendo wa sukari kuingia kwenye damu, na watu wa afya wanautaja pia kwa kushusha kolesteroli, gramu 3 zake kwa siku, ambazo ni kama gramu 75 za oti kavu. Lakini oti bado ni wanga, zisimdanganye, na zikiwa zimekatwakatwa sana sukari inapanda haraka zaidi, kwa hiyo kwake hasa tafuta za bapa nzima. Ninachofanya mie kwa baba yangu ni hiki: kabla sijatia sukari na ndizi namchotea yeye sehemu yake kwenye kibakuli kidogo, natia vipande vya tofaa na ganda lake au pea, karanga zilizotwangwa au mbegu za maboga, mdalasini zaidi, naoka pembeni ya lile kubwa, yake inaiva mapema. Anakula na yai la kuchemsha na chai isiyo na sukari. Usimpe kipande kikubwa kwa vile hakina sukari, hapo ndipo watu wanapoharibu. Kama ana kile kipimo cha kidole apime masaa mawili baada ya kula siku ya kwanza, mtaona wenyewe mwili wake unasemaje, na kama anachoma insulini au anameza vidonge vya sukari mabadiliko ya chakula cha asubuhi ayataje kliniki kwake. Na tafadhali ile ndizi kisukari asikusikie ukiitaja kwa jina mezani, baba yangu mpaka leo anaamini ndizi hiyo ndio iliyomletea ugonjwa.

Huyu wa miezi 10 naye mchotee yake bila sukari wala chumvi, ndizi ya kuponda inamtosha. Asali asipewe kabisa mpaka atimize mwaka, hata ile ya kuokwa ndani, kuna vijidudu vinaweza kukaa kwenye asali ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi na joto la oveni haliviui. Korosho na karanga nzima hapana, wala zabibu kavu nzima, zinapalia. Karanga za kusagwa laini unaweza kumchanganyia kidogo kama ameshawahi kuonja na hakupata shida, mayai yaive sawasawa. Kikatie vipande virefu kama kidole ashike mwenyewe, utafagia lakini atakula.

Hawa wakubwa wawili waliokataa sidhani kama wamekataa oti, wamekataa uji mchungu, hata mie ningekataa. Ila kwa kuwa wameshaumwa na nyoka, safari hii usiwape kwenye bakuli kama uji. Oka kwenye vile vikopo vya keki ndogo, dakika 20 mpaka 25 zimeiva, kila mmoja ana kake, mwingine aweke vipande vya ndizi juu mwenyewe, na ikibaki inaingia kwenye kopo la shule. Mwanangu wa pili alikuwa hataki kusikia oti, nikamwambia ni keki za asubuhi akala tatu. Nilidanganya kidogo sana.

Gharama usiogope pia. Kopo la gramu 500 linakutoa mara mbili na inabaki ya uji. Sio kila siku lakini, na mie sikushauri iwe kila siku, mihogo ya kuchemsha na viazi vitamu bado vipo na vina heshima yake, hii iwe ya Jumamosi au ya siku umepata usingizi. Ikibaki, ikate vipande, ipoe kabisa, kwenye friji inakaa siku 3 mpaka 4, kwenye friza miezi miwili. Asubuhi unapasha kwenye kikaango na siagi kidogo upande mmoja mpaka upate ukoko. Nusu ya sababu yangu ya kuoka ni huo ukoko wa siku ya pili.

Kwa Jumamosi hii anza na ndizi na mapea tu, nanasi liache kwanza mpaka umeizoea oveni yako. Ukipiga picha unitumie, ila kata kipande nione katikati, juu huwa panapendeza hata penye kosa.